Kiraka cha NFS kimo katika tawi kuu la Linux lakini tawi la 6.1 halijakipata: nifuate njia gani?

FundiWaChake

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Ninasimamia kompyuta za ofisi moja hapa Chake Chake. Mafaili yote yamo katika seva moja ya NFS (mfumo wa kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao), na wafanyakazi huyafungua kwa kompyuta za mkononi kupitia mtandao wa ndani. Mashine zote zinatumia Debian 12, yaani keneli (kiini cha mfumo) ya Linux ya tawi la 6.1. Umeme unapokatika na betri ya akiba ikaisha kabla ya jenereta kuwashwa, seva huzimika huku kompyuta za mkononi zikiendelea kuwaka. Seva inaporudi, nyingi huendelea na kazi kama kawaida, lakini moja au mbili hubaki zikisubiri hata saa nzima, na aliyekuwa akiandika hulazimika kuizima kompyuta yake na kupoteza alichokiandika. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu wanaopoteza kazi ni watu wasio na kosa lolote.

Kwa keneli ya 6.12 hitilafu haitokei. Nilikesha wiki nzima nikitumia git bisect (zana ya kusaka badiliko kwa kugawa historia ya msimbo nusu kwa nusu) kinyumenyume, yaani kutafuta komiti (badiliko moja lililohifadhiwa) iliyotibu badala ya iliyoharibu, na nimeipata: mistari michache tu, upande wa kompyuta inayopachika, yaani inayojiunga na mafaili ya seva. Imo katika tawi kuu la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ila mwandishi wake hakuweka alama ya kuipeleka katika matoleo imara (yale yaliyokwisha kutoka, kama 6.1, yanayoendelea kupokea marekebisho). Mimi si mwandishi wa kiraka hicho, yaani marekebisho hayo. Je, ninayo haki ya kukiombea nafasi katika 6.1, na nimwandikie nani?

BintiMalindi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Haki unayo kamili, na sehemu ngumu kuliko zote umeshaimaliza.

Sharti la kwanza la matoleo imara ni kwamba kiraka kiwe tayari kimeingia katika tawi kuu. Hicho chako kimeshaingia. Mengine ni kwamba kitibu hitilafu ya kweli inayowasumbua watu, kiwe kimejaribiwa, na kisizidi mistari 100 pamoja na ile ya muktadha (isiyobadilika, inayoonyeshwa kandokando). Laiti mwandishi angeandika «Cc: stable@vger.kernel.org» chini ya maelezo yake, kiraka kingechukuliwa chenyewe mara tu kilipoingia. Alama ya «Fixes:», inayotaja komiti iliyoleta hitilafu, pia huwasaidia wasimamizi kukiona, lakini usiitegemee peke yake.

Kwa hali yako, iandikie anwani hiyo hiyo. Taja kichwa cha kiraka, namba kamili ya komiti katika tawi kuu, sababu ya kukihitaji, na matawi unayotaka kitiwe. Wanaoyashughulikia matawi hayo ni Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin. Tia nakala kwa mwandishi wa kiraka na kwa linux-nfs@vger.kernel.org, kwani wasimamizi wa NFS wanaweza kujua kwamba kiraka kinategemea komiti nyingine ambayo 6.1 haina. Usiache kueleza habari ya umeme kama ulivyotueleza sisi. Anayeandika keneli katika ofisi ambayo umeme haukatiki ni nadra kuiona seva ikizimika ghafla mara nyingi kwa wiki, na ushahidi wako ndio utakaompa sababu ya kukubali.

Jambo moja wengi hulisahau: je, 6.6, tawi imara lililo kati ya 6.1 na 6.12, inacho? Ikiwa kiraka kiliingia tawi kuu baada ya 6.6 kutoka, ni lazima kiombewe na huko, kwa sababu haikubaliki mtu ahame kutoka 6.1 kwenda 6.6 akakutana tena na hitilafu iliyokwisha kutibiwa.

Mkoani_Bandarini

Kwa nini usipachike kwa chaguo la soft? Kompyuta ingekata tamaa baada ya muda, na mtu angeendelea na mengine.

BintiMalindi

Ndugu, hapo sikubaliani nawe. Kwa soft, programu hurudishiwa kosa katikati ya kuandika, na programu nyingi hazilishughulikii kosa hilo ipasavyo. Faili huweza kubaki nusu bila mwenyewe kujua. Kusubiri seva irudi ndiyo tabia sahihi ya hard, chaguo la kawaida. Hitilafu hapa ni kuendelea kusubiri baada ya seva kurudi. Katika NFS toleo la 4, seva ya Linux ikiwaka upya hutoa muhula, kwa kawaida sekunde 90, ili kila kompyuta idai tena mafaili na makufuli iliyokuwa nayo. FundiWaChake, katika barua yako eleza kama mkwamo huanza ndani ya muhula huo au baada yake, kwani ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.

FundiWaChake

Ahsante sana, Bi Malindi. Nimeangalia kumbukumbu za mashine: mkwamo huanza ndani ya muhula. Na kweli, 6.6 haina kiraka. Huko kinaingia bila kugusa chochote, lakini katika 6.1 kinagongana na mistari miwili, kwa sababu jina la kitendaji kimoja (kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani) lilibadilishwa baadaye.

BintiMalindi

Basi kwa 6.6 omba kwa namba ya komiti tu, na kwa 6.1 tuma kiraka chenyewe ulichokirekebisha, kichwa chake kikianza na [PATCH 6.1.y]. Jina la mwandishi wa asili libaki pale pale, maelezo yaanze kwa kutaja komiti ya tawi kuu, kisha useme kwa sentensi moja ulichokibadilisha na utie Signed-off-by yako (mstari wa jina lako kuthibitisha una haki ya kukituma) chini ya zile zilizopo. Tumia git send-email, maandishi matupu, bila kiambatisho. Kikikubaliwa, kitatangazwa kwanza katika toleo la majaribio, na watu hupewa kama saa 48 kupinga au kuthibitisha. Lijenge toleo hilo, ulijaribu, na ujibu kwa Tested-by, mstari wa kuthibitisha kwamba umelijaribu.

FundiWaChake

Nimekijenga cha 6.1 leo asubuhi. Ofisi ikifungwa nitaichomoa seva ukutani mara ishirini, na kompyuta zote zikirudi salama kila mara, barua itaondoka usiku huu.