Corolla KE70 ya mzee, nianzie wapi niwe naenda nayo kazini?

kijana_nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Mzee kaniachia Corolla yake KE70 ya mwaka 82, injini ni 4K ile ile, imelala chini ya mwarobaini kama miaka mitatu hivi, sasa nataka niwe naenda nayo kazini Mtumba, hapa Dodoma, na kurudi kila siku. Inawaka, ila mpaka uisukume. Nimetenga mil 3. Shemeji anasema ing'oe injini weka ya EFI, ile isiyotumia kabureta, wife anataka AC, mimi roho yangu iko kwenye rangi maana ile nyeupe imeshakuwa kama ukuta wa chokaa.

fundi_mstaafu
Rangi mwisho kabisa mkuu. Gari ikilala kinachoanza kufa ni mipira. Kamata mpira wa breki wa mbele uukunje kwa vidole, ukiona nyufa usiiendeshe hata kwenda dukani. Mimi Datsun yangu nilifungua masta silinda ya breki oili ikatoka nyeusi kama kahawa, mashapo chini, na nilishaiendesha wiki mbili najisifu kwa majirani 😅 Halafu matairi, usidanganywe na kashata kuwa bado nene, soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi, 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014, hilo lifanye bembea ya watoto.

mama_wa_kibaigwa
Mwenzako kasahau rejeta. Maji yetu ya kisima haya chungulia birika lako la chai ndani, ule ukoko mweupe ndo uliopo kwenye rejeta. Peleka ikafunguliwe izibuliwe, kisha kulanti, ile dawa ya rejeta, uchanganye na maji ya betri, yale ya kawaida jamani siyo maji makali. Na fundi akikwambia toa themostati inazuia maji, toka hapo hapo, injini isiyopata moto wake inakula mafuta.

Sparki
Hiyo ya kuwaka kwa kusukuma pima betri, alteneta na waya wa ethi kabla hujanunua stata. Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa selotepu ondoa zote, taa kubwa ziwekee rilei utashangaa mwanga. Ukipata distributa ya injini za K isiyo na platini, yaani ya elektroniki, chukua. AC mwambie mkeo asubiri, cc 1290 hiyo, ukiwasha AC mchana wa Oktoba mlimani mtashuka msukume. Injini iache, ina cheni haina mkanda, na ukibadili namba ya injini lazima kadi nayo ibadilishwe TRA, siku za kuzunguka hizo hujaweka kwenye mil 3 yako.

kijana_nkuhungu
Nimetoka na tochi sasa hivi. Wa kushoto umepasuka nikiukunja, wa kulia una nyufa kama miguu ya mkulima. Wife kanyamaza. Mipira ya KE70 inapatikana hapa mjini au mpaka niagize Gerezani, Dar?