Tupeane uzoefu: wewe ulikuwa Gohan wa mtaani kwenu, au ndiye uliyepigwa na Gohan?

mkanda_wa_njano
Wakuu, salaam. Jana usiku dogo wangu alikuwa anaangalia katuni ya Dragon Ball Z kwenye simu yangu, bando linateketea hivihivi, nikasogea nimnyang'anye. Nikakuta amefika pale Goku anamwambia adui yao Cell kwamba amekubali kushindwa, halafu anamwita mwanaye Gohan, mtoto mwenye kipaji cha kuzaliwa, ndiye aingie. Simu sikuichukua tena, nikakaa.

Mimi karate nimesota nayo miaka sita pale Morogoro, pushapu alfajiri, mkanda haukuvuka njano. Akaja kijana mmoja mwembamba, mama yake anauza vitumbua, mkanda wenyewe hajui kuufunga. Wiki ya tatu akanifagia miguu mbele ya dojo nzima. Nainuka, ananiomba samahani! Samahani ile iliniuma kuliko teke. Haya, leteni za kwenu, mliozaliwa na kipaji na sisi wa kusota.

sitaki_makuu
Hapo kwenye samahani umemmaliza Gohan mzima. Mtoto hapendi ugomvi, kazi yake kulialia, ila ukimchokoza ndiyo utajua. Ana miaka minne tu alimvunja baba yake mkubwa, Raditz, deraya kwa kichwa.

wali_nazi
Halafu mnajua gohan kwa Kijapani ni wali? Wali huu huu wa sahani. Cell kapigwa na Wali.

fundi_redio
Mimi Tanga, kibanda umiza, kiingilio shilingi mia. Tumebanana kwenye mabenchi, jasho linachuruzika. Mr. Satan karusha kile kichwa cha roboti Namba 16, kichwa kikamwambia Gohan aache kujizuia, Cell akakikanyaga. Gohan anaanza kutoa machozi, nywele zinasimama... TANESCO wakachukua chao. Tulikaa gizani saa nzima hakuna anayetoka, mtu asije akapoteza nafasi. Mwenye kibanda hela hakurudisha. Mwisho wake nimekuja kuuona nikiwa chuo.

dada_wa_mateke
Gohan nilikuwa mimi. Nilipoanza kidato cha kwanza bibi akasema msichana harushi miguu, nikatolewa. Kaka yangu nilimpiga mara moja tu na hadi leo akinipigia simu anaanza na "shikamoo", mimi mdogo wake.

team_lee
Mnasifia kipaji cha bure. Mwanaume ni Rock Lee wa kwenye katuni ya Naruto, hana uchawi wowote, jasho tu. Alipovua vile vyuma vizito vya mazoezi miguuni nilisimama juu ya kiti.

sitaki_makuu
@team_lee na baada ya kuvua ikawaje? Gaara akamvunja mkono na mguu. Gaara kazaliwa na mchanga wake unaomlinda. Mfano wako unakupiga mwenyewe.

team_lee
Basi Neji, mtaalamu wa kuzaliwa, kapigwa na Naruto. Unasemaje?

sitaki_makuu
Naruto mtoto wa Hokage, mkuu wa kijiji, na tumboni ana mbweha mwenye mikia tisa. Huyo naye ni wa jasho??

wali_nazi
Anzisheni uzi wenu huko, hapa tunamzungumzia Wali.

kona_ya_bluu
Nimeusoma huu uzi mara mbili nikasema sichangii. Acha niandike.

Baba yangu alikuwa bondia, hakufika mbali. Mimi nikawa na mkono. Sikufundishwa, ulikuja wenyewe. Nina miaka kumi na miwili nawaangusha wa kumi na tano, na baba pale kijiwe cha kahawa hana habari nyingine ila mimi. Siku moja akaandaa pambano na kijana wa mtaa wa pili, mkubwa kwangu. Ukumbi wa harusi, viti vya plastiki, ulingo wa kamba za katani.

Raundi mbili napigwa. Sikuwa nataka kumpiga yule mtu, hajanikosea. Nikarudi kona, baba ananifuta uso anasema, "Hujakasirika tu." Halafu mbele ya macho yangu akachukua chupa yetu ya maji akampelekea mpinzani, eti asije akasingizia uchovu. Mnakumbuka Goku alivyomrushia Cell senzu, ile punje ya kurudisha nguvu? Ndiyo hiyo hiyo. Jana dogo wa mleta uzi kaangalia katuni, mimi hayo nimeyaishi.

Raundi ya tatu upande wao wakaanza kumcheka mdogo wangu, alikuwa amekaa mbele analia. Kuanzia hapo sina kumbukumbu nzuri. Nilipopata akili refa ananivuta kwa fulana na yule kijana yuko chini, mguu mmoja unacheza wenyewe, raba imevuka nusu. Watu wamembeba baba juujuu, anaimba. Usiku mama alinichemshia maji ya chumvi, akanikanda vidole, hakusema neno.

Pale kwa Cell, Piccolo, mwalimu wa Gohan, anamgombeza Goku: mwanao hawazi kupigana, anawaza kwa nini baba yake haji kumsaidia. Kona yangu haikuwa na Piccolo. Glavu sikuvaa tena.

fundi_redio
Mkuu. Yule kijana alipona?

dada_wa_mateke
Alipona?

bwana_mashaka
Chai hii. Refa yuko wapi muda wote mtu anapigwa? Na kamba za katani zingewachuna.

kona_ya_bluu
@bwana_mashaka zilituchuna.

wa_mvita
Wallahi umenitoa machozi ndugu yangu. Huku Mombasa nilikuwa namuona Goku shujaa, leo sijui.

wali_nazi
Nipunguze majonzi kidogo: kwa Kijapani sauti ya Goku na ya Gohan ni ya mtu mmoja, Masako Nozawa, mama aliyezaliwa 1936. Kwa hiyo mama anajituma mwenyewe akapigwe.

mkanda_wa_njano
Sasa nimeogopa. Dogo asubuhi kaomba nimpeleke karate, na juzi alimrushia binamu yake teke moja safi sana, sijui kalitoa wapi. Nimpeleke?

dada_wa_mateke
Mpeleke leo. Akisema basi, iwe basi.

sitaki_makuu
Usimpeleke, mpeleke tuisheni. Chi-Chi, mama yake Gohan, alilia miaka yote kwamba mwanaye asome, akaonekana mkorofi.

team_lee
Kasoma, akaja kukutana na adui Dabura kashuka kiwango hadi mwenzake Vegeta akakasirika. Mfunge dogo vyuma miguuni.

fundi_redio
Atapata matege, kipaji hatapata. Ila @kona_ya_bluu hujajibu.

wa_mvita
Tunangoja.

kona_ya_bluu
Alipona. Anaendesha bodaboda. Mwaka jana alinibeba, kovu la kwenye nyusi nikalijua, yeye sijui kama alinijua. Nauli elfu mbili, nikampa noti ya elfu kumi nikaondoka haraka. Akanikimbilia hadi getini na chenji yote, ameikunja vizuri, akasema, "Kaka, umesahau."

bwana_mashaka
Bodaboda gani anarudisha chenji? Nilisema chai.