Singa (nyuzi) za mkonge: nani ananunua siku hizi?

Swali: Wakuu wa Tanga, plastiki si ilishaua soko la katani? Mbona watu wanapanda tena?

Jibu: Iliua hasa kamba za kufungia marobota ya nyasi. Kamba ya polipropilini, yaani plastiki, ni nyepesi, haiozi. Mwaka 1964 Tanzania nzima tulizalisha singa tani 230,000 hivi, hatujarudi huko. Leo singa zinakwenda kwenye mazulia, jasi ya dari na vitambaa vya kung'arishia vyuma.

Jibu: Mkuu, soko lipo, uchafu ndio unaoshusha daraja. Jani likilala shambani linanyauka, korona (mashine ya kukwangua majani) haikwangui nyama yote, singa zinatoka na madoa. Kata kinachosindikwa kesho, osha kwa maji mengi, anika papo hapo. Na piga hesabu ya lori: tani 100 za majani, singa tani 4 tu.