Braketi za kushindilia kwenye baiskeli za milimani: je, zinaaminika?

Mpanda Meru, Arusha

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nakusudia kununua baiskeli ya milimani iliyokwishatumika, yenye fremu ya alumini na shoki mbele na nyuma, kutoka kwa mgeni anayemaliza mkataba wake wa kazi hapa Arusha. Bei ni nzuri, magurudumu yamenyooka na breki zinashika. Hata hivyo, nilipoijaribu kwenye mpando wa vumbi kuelekea Ilboru, nilisikia mlio mkavu chini ya miguu kila nilipokanyaga kwa nguvu, nao ulinyamaza nilipofika tambarare. Mwenye baiskeli anasema inahitaji grisi tu. Fundi wa mtaani kwetu aliichungulia, akashangaa kwamba botomu braketi yake, yaani sehemu ya chini ya fremu inayoshika ekseli ya pedeli, haina hesi (mifuo ya skrubu) hata kidogo: ekseli ya pedeli inazunguka ndani ya beringi zilizomo kwenye vikombe vya plastiki, na vikombe hivyo vimeshindiliwa ndani ya bomba la fremu lenye upana wa takriban milimita 92. Naomba kujua kutoka kwa wenye uzoefu kama mtindo huu unaaminika katika vumbi letu, au niachane na baiskeli hii nitafute yenye hesi.

Fundi Spoku, Moshi

Ndugu yangu, kabla hujaihukumu braketi, ondoa kwanza washukiwa wengine, kwa sababu fremu ya alumini ni tupu kama ngoma, na mlio unaoanzia kwenye kiti unaweza kusikika miguuni. Fungua pedeli, uzipake grisi na kuzikaza upya. Kagua boliti za gia ya mbele. Safisha nguzo ya kiti. Kisha tikisa maungio ya shoki ya nyuma mojamoja. Ukipanda mlima umesimama, bila kukalia kiti, na mlio ukaendelea, basi kiti hakina hatia.

Sasa nije kwenye swali lako. Braketi ya hesi ya kiwango cha Kiingereza, ambayo kipenyo chake ni inchi 1.37 na hesi zake ni 24 kwa kila inchi, ndiyo tuliyokua nayo. Hata zile baiskeli nyeusi za mizigo vikombe vyake ni vya hesi, na fundi asiyejua kwamba kikombe cha upande wa mnyororo hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume ameharibu fremu nyingi. Uzuri wa hesi ni kwamba hukishika kikombe hata pale ambapo bomba lina kasoro ndogo. Braketi ya kushindilia haina msaada huo, kwani kinachoishikilia ni mbano peke yake: kikombe hutengenezwa kikiwa kikubwa kuliko tundu kwa sehemu chache tu za mia za milimita. Tundu likizidi, kikombe hucheza na kulia. Likipungua, kikombe huiminya beringi hadi izunguke kwa shida na kufa mapema. Na matundu mawili yasipokuwa kwenye mstari mmoja, ekseli iliyonyooka hulazimishwa kupita katika beringi zilizokaa upande, na hapo hakuna grisi itakayokusaidia.

Utauliza kwa nini watengenezaji waliupenda mtindo huu. Cannondale walianza na ekseli nene ya milimita 30, wakaufanya mtindo huo, uitwao BB30, kuwa kiwango huria mwaka 2006, lengo likiwa uzito mdogo na ugumu zaidi. Shimano wao walibaki na ekseli ya milimita 24, wakatoa bomba pana lenye tundu la milimita 41, ambalo kwa maelezo yako ndilo hilo unaloliona. Bomba pana humpa mbunifu nafasi ya kunenepesha fremu pale inapobeba nguvu za miguu, na kiwanda hakilazimiki kupachika bomba la metali lenye hesi ndani ya kaboni. Faida hizo ni za kweli, lakini nyingi ni za aliyeitengeneza fremu. Gharama ya tundu lililotobolewa kwa haraka huja kulipwa na mpandaji.

Kwa hiyo kinachopimwa ni tundu la fremu hiyo mahsusi, si jina la mtindo.

Mkimbiza Mteremko, Nairobi

Kaka wa Moshi ameeleza vizuri, ila mimi nina msimamo mkali zaidi. Nilikuwa na fremu ya kaboni ya mtindo huo, nikaipeleka msitu wa Karura kila Jumamosi, na katika miaka miwili nilibadilisha braketi 4. Kila mara mlio ulitulia kwa wiki chache, halafu ukarudi. Nilipaka grisi, nikaongeza grisi, na mwisho nikawa napanda nikiwa nimeziba masikio kwa muziki, jambo ambalo si salama.

Ukitazama wenye viwanda wenyewe utaona walivyorudi nyuma. Santa Cruz hawakuiacha hesi kwenye baiskeli zao za milimani hata wakati wenzao wengi walipokuwa wakiikimbia. Specialized waliirudisha kwenye baiskeli yao ya milimani, Stumpjumper, waliyoitoa 2018. Kiwango cha T47, kilichotokea 2015, kilibuniwa ili fremu ipate bomba pana na hesi kwa pamoja. Isitoshe, vikombe vya hesi vya ekseli ya milimita 24 navipata hapa mjini kwa siku moja, lakini vile vya kushindilia nililazimika kuviagiza na kusubiri. Baiskeli inayolala ukutani mwezi mzima ikingoja kikombe cha plastiki si baiskeli ya kuaminika, hata kama kikombe chenyewe ni kizuri.

Fundi Spoku, Moshi

Nakubaliana nawe juu ya vipuri. Lakini nikuulize, ndugu yangu: hizo braketi 4 zilitolewa na kuingizwa kwa chombo gani?

Mkimbiza Mteremko, Nairobi

Kwa nyundo na kipande cha mti. Fundi hakuwa na kingine.

Fundi Spoku, Moshi

Hapo ndipo pa kutazama. Nyundo hukiingiza kikombe upande mmoja kwanza, kikaukwangua ukingo wa tundu kabla hakijanyooka, na fundi akirudia mara 4, tundu halibaki lilivyokuwa. Kikombe huingizwa kwa kishindilio cha skrubu, polepole na kwa pande zote sawasawa, nacho kishindilio si lazima kiwe cha duka: boliti ndefu yenye nati, pamoja na washa nene zilizokerezwa kulingana na ukubwa wa kikombe, hufanya kazi hiyohiyo. Sikatai kwamba fremu yako huenda ilikuwa mbovu tangu kiwandani, ila kwa nyundo hatuwezi tena kujua.

Mswahili wa Freiburg

Nachangia kwa ufupi kutoka Ujerumani. Mimi naendesha baiskeli yenye braketi ya kushindilia ya milimita 92 kwenye matope ya Msitu Mweusi kwa mwaka wa nne sasa, na nimebadilisha mara 1 tu, tena kwa kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nikiiosha kwa mashine ya maji ya shinikizo, nikiyaelekeza maji moja kwa moja kwenye beringi. Jambo jingine linaloua beringi hizi ni kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachorekebisha ekseli upande wa kushoto. Shimano wanataka kikazwe kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 0.7 hadi 1.5 tu, yaani kwa vidole hasa. Nguvu ya spana ni ya zile boliti mbili za mkono wa pedeli, Nm 12 hadi 14. Nimeona watu wakikikaza kifuniko hicho kama nati ya gurudumu, kisha wakaulaumu mtindo mzima.

Mpanda Meru, Arusha

Nawashukuru wote. Nilifuata maagizo: nilibadilisha pedeli, nikapanda nimesimama, nikakagua shoki, na mlio ukabaki palepale. Mwenye baiskeli akaniruhusu kuifungua. Kikombe cha kulia kilitoka kwa taabu, lakini cha kushoto nilikisukuma kwa kidole gumba kikatoka, na nyuma yake palikuwa na vumbi laini jeusi la alumini. Niliipeleka fremu kwa fundi wa kerezo mwenye mikromita ya kupimia ndani ya matundu. Upande wa kulia ulikuwa milimita 41.01 kotekote, wa kushoto ulikuwa 41.02 kwa wima na 41.11 kwa ulalo. Je, fremu hii imekwisha?

Fundi Spoku, Moshi

Haijakwisha, ila vikombe vya plastiki usivirudishe. Tundu limekuwa yai, na vumbi jeusi ni alumini yenyewe iliyosagwa na kikombe kilichokuwa kikicheza. Agiza braketi ya vikombe viwili vya alumini vinavyofungana kwa hesi katikati ya bomba: kila kimoja humvuta mwenzake, hivyo hukaa kwenye mstari mmoja na havitegemei mbano wa tundu pekee. Upande wa kushoto utahitaji pia gundi ya kushikilia beringi, wala si ile ya kufungia nati, kwa maana ya kwanza ndiyo iliyotengenezwa kujaza nafasi ya kiasi hicho. Gundi hiyo hukauka pasipo hewa na kwa msaada wa metali, ndiyo maana haifai kwa kikombe cha plastiki, ambacho inaweza hata kukipasua.

Gharama ya vikombe hivyo muoneshe mwenye baiskeli, pamoja na vile vipimo vya kerezo.

Mpanda Meru, Arusha

Nimemuonesha, na amepunguza bei kwa kiasi hicho chote na zaidi kidogo. Vikombe nimeviagiza.

Fundi Spoku, Moshi

Vikifika, futa tundu na vikombe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa kuwa grisi iliyobaki itaiharibu gundi. Usiiguse baiskeli kwa saa 24 baada ya kukaza, maana alumini huikausha gundi hiyo polepole. Ukiwa unasubiri, kata kipande cha tyubu ya zamani uzibe mdomo wa chini wa nguzo ya kiti, ili maji yanayoteremkia humo yasifike kwenye beringi mpya.