Winga wa U15 amerefuka ghafla, spidi imepotea na goti linauma: tumwache au tumsubiri?

Kocha_Kushoto
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaofundisha vijana kwenye akademi za klabu za ligi kuu.

Kuna winga wa kushoto, miaka 14 na miezi 5, yuko nasi msimu wa tatu. Mpaka Desemba ndiye aliyekuwa akiongoza mbio za mita 30. Sasa mpira unamtoka mguuni, pasi ya mita 10 inakwenda pembeni, akigeuka anachelewa, na baada ya mechi anashika chini ya pia ya goti la kulia. Suruali ya shule imekuwa fupi na njumu alizopewa Januari hazimwingii.

Mwezi ujao tunapunguza kikosi kutoka 28 hadi 22. Nusu ya benchi la ufundi wanasema dogo ameridhika, nusu wanasema ni ukuaji tu. Mazoezi ni mara 4 kwa wiki, dakika 90, na mechi Jumamosi. Vifaa tulivyonavyo ni saa ya kubonyeza, koni na tepu ya kupimia.

Tunajuaje kwamba ni ukuaji na si uvivu? Apunguziwe nini hasa? Na atathminiwe vipi akiwa kwenye hali hii?

Fizio_Viungo
Mwalimu, hizo njumu zimeshakujibu nusu ya swali. Nyayo hutangulia kukua, inafuata mifupa ya miguu, kisha kiwiliwili, na nguvu za misuli huja nyuma kabisa. Kwa miezi kadhaa kijana ana mguu mrefu zaidi na nguvu zilezile za kuuzungusha, huku ubongo bado unapiga hesabu za mguu wa mwaka jana. Ndiyo maana mpira unagonga sehemu asiyoikusudia, na akitaka kugeuka anafunga breki kwa kuchelewa.

Lakini msibishane kwa kukisia, pimeni. Bandika tepu ukutani, juu ya sakafu isiyo na mteremko. Avue viatu na soksi. Visigino, makalio na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele kwa usawa wa tundu la sikio. Weka kitabu kigumu kichwani, kikae mraba na ukuta, usome mpaka milimita. Pima mara mbili; vipimo vikipishana zaidi ya milimita 4, pima mara ya tatu na uchukue kile cha katikati. Iwe asubuhi kila mara, kwa sababu mtu hupungua kama sentimita 1 kufikia jioni. Takwimu nyingi huharibikia hapa: Februari wanapimwa asubuhi, Mei wanapimwa saa 11 jioni baada ya mazoezi, halafu inaonekana mtoto hajakua.

Rudia baada ya miezi 3. Tuseme tarehe 5 Februari ni sm 158.4 na tarehe 6 Mei ni sm 160.9. Hiyo ni sm 2.5 ndani ya siku 90. Gawa kwa 90, zidisha kwa 365, unapata takriban sm 10 kwa mwaka. Kabla ya kipindi hiki mvulana hukua kama sm 5 au 6 kwa mwaka. Ukiona 7 kwenda juu, ameingia kwenye ukuaji wa kasi. Kileleni wengi hufika 9 au 10, mara nyingi kwenye miaka 13 na nusu hadi 14, na kutangulia au kuchelewa mwaka mzima ni kawaida. Usipime kila wiki, maana kosa la kipimo litazidi kile alichokua.

Goti sasa. Bonyeza kwa kidole gumba kile kinundu cha mfupa chini ya pia, pale kano inaposhika. Kama anashtuka hapohapo, na anaumia akipiga magoti au akiruka, hiyo ni picha ya Osgood-Schlatter. Sehemu hiyo ya mfupa bado haijakomaa, na misuli ya mbele ya paja inaivuta kila anapopiga shuti, anaporuka na anapofunga breki. Kisigino kinachouma ukikibana pande zote mbili ni tatizo la ukoo huohuo, linaitwa Sever.

Kumsimamisha kabisa kwa kawaida hakuna haja. Muulize maumivu kwa namba, 0 mpaka 10. Yasizidi 3 akiwa uwanjani, na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, kazi ya siku iliyofuata inapunguzwa. Ila akichechemea, goti likivimba lote, maumivu yakimwamsha usiku, au akisikia kitu kimekatika kwenye nyonga alipopiga mpira, aende hospitali siku hiyohiyo. Na mchunguze nyonga hata kama analalamikia goti tu: nyonga iliyoteleza kwenye sehemu ya ukuaji huweza kuumia gotini, na mguu huelekea nje. Huyo hagusi mpira mpaka apigwe picha.

Kocha_Kushoto
Asante sana mtaalamu. Nyumbani wanampeleka kwa mchuaji, na kocha wa viungo anamnyoosha sana paja kila baada ya mazoezi. Tuendelee?

Fizio_Viungo
Vyote viwili visimame kwa sasa. Kuchua juu ya kinundu ni kusugua mahali palipokwisha chokozwa. Na kule kuvuta kisigino mpaka kiguse kalio kunavuta kano ileile. Badala yake aegemee ukuta kama aliyekaa kwenye kiti, magoti yasikunjwe mpaka pembe ya 90 kama anaumia, ashikilie sekunde 30, mara 5, siku moja afanye, inayofuata apumzike. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi inatuliza. Sindano ya kuua maumivu ili acheze Jumamosi, hapana kabisa.

Mwl_Vijana
Naongezea upande wa uwanjani. Kwanza hesabu dakika zake zote, si zako tu. Wewe unampa 360 za mazoezi, na mechi ya 40 kwa 40 inafanya 440. Ongeza michezo ya shuleni na ndondo ya mtaani Jumapili, utakuta anapita 600 na hakuna anayejua. Kaa na mzazi na mwalimu wa michezo, ndondo ikatwe kwa muda. Hiyo peke yake hutuliza magoti mengi.

Kisha kwenye zile siku 4, aje zote, lakini 2 zisiwe na kuruka wala mbio za kasi kamili. Wenzake wakienda kwenye mbio za kurudiarudia au kumalizia krosi, yeye abaki kwenye rondo ya 5 kwa 2 (watano wanapasiana, wawili katikati wanautafuta mpira), mraba wa mita 10, au 4 kwa 4 kwenye eneo dogo akiwa mchezaji huru wa timu yenye mpira, kwa hiyo hakabi. Anagusa mpira mara nyingi, anafikiri haraka, goti halipigi breki kali. Mashuti ya mbali yasizidi 10 kwa siku. Msimpeleke kwenye udongo uliokauka kama jiwe ikiwa kuna nyasi.

Kupasha misuli moto tumieni FIFA 11+, dakika 20: 8 za kukimbia taratibu, 10 za nguvu na mizani, 2 za kukimbia kwa kasi zaidi. Goti likiwa bado linauma, zile za kuruka abadilishe asimame kwa mguu mmoja sekunde 30. Wengi huziruka zile dakika 10 za katikati kwa sababu zinachosha, na ndizo zenye kazi.

Kuhusu kumtathmini, mbio za mita 30 ziwekeni kando, zinapima mifupa yake tu kwa sasa. Mtu mmoja akae na daftari, aandike mipira 20 anayopokea kwenye mechi. Kila mpira, mambo matatu: aligeuza shingo kuangalia kabla haujafika? Mguso wa kwanza aliuelekeza kwenye nafasi au kwenye miguu ya beki? Uamuzi uliofuata ulikuwa sahihi, hata kama pasi yenyewe ilipotea? Mguso wa kwanza mpeni huruma kidogo, ila shingo na uamuzi ukuaji hauviharibu. Kijana anayeangalia na kuamua vizuri lakini mguu unamsaliti, huyo unamsubiri. Aliyeacha kuangalia na haombi mpira, ndipo mzungumze kuhusu juhudi.

Beki_Tatu
Mmesahau jambo moja linalotusumbua sana huku kwetu: vyeti vya kuzaliwa. Kikosi cha U15 kikiwa na wawili wenye miaka 17 ya kweli, kila mtoto halisi wa miaka 14 ataonekana dhaifu. FIFA walianza kutumia picha ya MRI ya kifundo cha mkono kukagua umri kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009, lakini akademi ya kawaida haina fedha hizo.

Uzuri wa hesabu aliyotoa Fizio ni kwamba haihitaji cheti. Pima kikosi chote, wote 28, kisha panga majina kwa kasi ya ukuaji. Anayekua sm 10 kwa mwaka yuko katikati ya safari, karatasi iseme lolote. Mwenye kimo cha mtu mzima, ndevu, na aliyeongeza milimita 5 tu kwa mwaka, amekaribia mwisho. Ushindi wa huyo wa pili dhidi ya mdogo mwili hauwaambii chochote kuhusu kipaji. Na yule mfupi ambaye bado hajaanza kabisa kukua kwa kasi msimguse kwenye mchujo huu. Antoine Griezmann alikataliwa na akademi za Ufaransa kwa sababu ya udogo wa mwili, akachukuliwa na Real Sociedad ya Hispania.

Uingereza klabu zilianza kujaribu mwaka 2015 mashindano ya vijana wanaopangwa kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Nyie mnaweza kuiga mara moja kwa mwezi: changanyeni U13 na U15, mgawanye kwa miili. Huyo winga akicheza na waliokomaa sawa naye mtaona tofauti. Zile fomula za kubashiri kimo cha mwisho kwa kutumia kimo cha wazazi zitumieni kwa tahadhari, ile maarufu ilitokana na watoto weupe wa Marekani.

Kocha_Kushoto
Nimewaelewa. Tumekubaliana jina lake litoke kwenye mchujo mpaka kipimo cha pili. Swali la mwisho: arudi lini kwenye kuruka na mbio kamili?

Fizio_Viungo
Usitumie kalenda. Kwanza achuchumae kwa mguu mmoja mara 10 bila maumivu kuzidi 2. Kisha ashuke kutoka kwenye boksi la sm 20, atue kwa miguu miwili, magoti yasiingie ndani, ashikilie sekunde 2. Seti 3 za mara 5, siku 2 kwa wiki. Wiki mbili zikipita na asubuhi yake ni salama, mrudishie mbio kwa asilimia 70, kisha 85, kisha kamili, hatua moja kwa wiki. Kuruka na kugongana hewani viwe vya mwisho. Kinundu chenyewe kinaweza kubaki hata akiwa mtu mzima, hicho kisiwatishe. Na mtafutieni njumu za namba yake wiki hii, zenye vijino vifupi kama mnachezea uwanja mgumu.