Tupeane uzoefu: kuchagua spea za injini unapofufua Honda CG125 ya zamani

Wakuu, uzi huu ni wa pikipiki za CG125 za mwanzo, zile zilizoanza 1976, za pushrodi (vijiti vinavyosukuma valvu). Wenye injini za cheni ya taimingi spea zenu ni nyingine kabisa. Viwanda vya China viliinakili injini hii, ndiyo maana spea bado zimejaa madukani, ila boksi kuandikwa "ya CG" hakutoshi. Agiza kwa milimita. Boa (upana wa tundu la silinda) ya kiwandani ni 56.5 na stroku (mwendo wa pistoni) 49.5. Injini ya Kichina yenye namba 156FMI ndiyo jamaa yake wa karibu. 162FMJ ni ya cc 150, boa 62, pistoni yake haikuhusu. Weka vipimo na sehemu zinazosumbua.

Boa Safi

Pistoni inanunuliwa KABLA ya kuboa silinda (kupanua tundu lake). Wengi hufanya kinyume: fundi mashine anaboa hadi saizi ya 0.50 (milimita 0.50 juu ya ya kiwandani), halafu dukani pistoni ya saizi hiyo haipo, au ipo lakini imepungua kidogo na nafasi inakuwa kubwa. Mpelekee blok na pistoni pamoja, apime pistoni upande wa chini wa sketi, kwa kukatisha pini, kisha aache nafasi ya karibu 0.03 mm kati ya pistoni na silinda.

Saizi ni 56.75, 57.00, 57.25 na 57.50. Ukifika 57.50 injini ina takriban cc 128. Ikichakaa tena, ni kuweka slivu mpya (bomba la chuma la ndani ya silinda). Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili, kwa kuwa inalika zaidi pale ringi ya juu inapogeukia. Ukiruka kipimo cha juu utadanganyika.

Ringi iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima pengo la ncha zake kwa fila geji (visahani vyembamba vya kupimia): 0.15 hadi 0.35 mm. Ikigusana ncha kwa ncha, injini ikipata moto inakwama. Herufi kwenye ringi ziangalie juu, alama ya IN juu ya pistoni ielekee kabureta, na klipu za pini ziwe mpya. Blok iliyotoka kuboolewa ioshwe kwa maji moto na sabuni, halafu ipanguswe kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kisichafuke. Petroli peke yake huacha unga wa jiwe la kusugulia silinda kwenye mikwaruzo, na unga huo unakula ringi mpya.

Pushrodi

Mkuu Boa Safi, umesema vema. Naongeza kemu: ina nundu moja tu inayoendesha valvu zote mbili. Ikiwa na vishimo, badilisha pamoja na vikono vinavyoisugua. Kuweka kemu mpya juu ya vikono vilivyolika ni kutupa pesa. Tapeti (nafasi ya valvu) 0.08 mm, injini ikiwa baridi.

Mgeni wa Gereji

Wakuu, vipi kununua silinda nzima ya Kichina na pistoni yake badala ya kuboa?

Boa Safi

Inawezekana ndugu, na mara nyingine ni nafuu. Iweke kando ya ya zamani ulinganishe urefu, sehemu ya slivu inayoingia kwenye krenkesi (ganda la chini la injini), na matundu ya stadi (bolti ndefu za silinda). Pini iwe 15 mm. Pima boa hata kama ni mpya.

Beringi

Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki): kutikisika kushoto na kulia kidogo ni kawaida, juu na chini hapana kabisa. Ukisikia hata mguso mdogo, weka seti kamili (konrodi, pini, beringi ya sindano) kwa mashine ya presi, kisha kranki inyooshwe kwa geji ya saa. Nyundo haifai. Beringi za kranki chukua zenye alama ya C3 (nafasi ya ndani kubwa kidogo kuliko ya kawaida), kwa namba ileile iliyo kwenye ya zamani.

Na jamani, injini hii haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa kranki, upande wa klachi. Fungua kikombe hicho, kwangua tope lote, la sivyo beringi mpya zitalishwa uchafu wa miaka.

Volti Sita

Za mwanzo ni volti 6 na platini (swichi ya mitambo inayopanga cheche ya plagi). Za baadaye volti 12 na CDI (kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi hiyo). Ukitaka kuhamia CDI, chukua magneti, koili za ndani na CDI kama seti moja, na uulize kama CDI ni ya AC (umeme wa magneti) au DC (umeme wa betri). Ukichanganya, plagi haitoi cheche, au inatoa kwa wakati usio wake.