Mafunzo ya wanandoa: watu huingia kwa nini, na nini huwafanya wamalize?

Mratibu_Kata: Wakuu, habari zenu. Tunaendesha mafunzo ya wanandoa, mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Kujiandikisha wanajiandikisha vizuri tu, ila ikifika wiki ya nne waume wanaanza kupotea, kisha na wake zao. Nini hasa huwaleta watu, na nini huwashika hadi mwisho?

Mama_Mlezi: Kwanza tenganisheni wachumba na waliokwisha kuoana. Mchumba anafuata cheti: parokia nyingi hazimfungishi ndoa bila mafundisho, kwa hiyo atamaliza hata kama hajatega sikio. Mwanandoa hana cha kumlazimisha. Huyo huletwa na jambo moja linalomkera nyumbani: mshahara usiojulikana unaishia wapi, pombe, ada, wakwe. Tangazo la "kuboresha mawasiliano" halimgusi. Likisema "kupanga pesa za nyumba bila ugomvi", atakuja na mwenzake. Na msiandike popote "ndoa zenye migogoro". Atakayeonekana mlangoni, mtaa mzima utajua kwake kunawaka.

Mtathmini: Mkuu, angalia Rwanda. Mpango wa Indashyikirwa, mafunzo ya wanandoa ya huko, ulikuwa na vipindi 21, kila kimoja cha urefu wa kama saa tatu, kwa karibu miezi mitano, na ukatili kati ya wenzi ulipungua. Waliwatafuta kupitia vikundi vya kuweka na kukopa, nauli ikatolewa, na kulikuwa na mazoezi ya kufanyia nyumbani. Linganisha na Building Strong Families, programu ya Marekani ya mafunzo ya mahusiano kwa wazazi ambao hawajaoana: asilimia 55 tu ya wenzi walifika hata kipindi kimoja cha kikundi, na huduma ilikuwa bure. Bure peke yake haimtoi mtu nyumbani.

Mwezeshaji: Kuhusu waume, kinachowafukuza mara nyingi ni aibu. Kipindi cha pili mwezeshaji anauliza "nani ana mfano?", mke anataja ya ndani mbele ya majirani, bwana harudi tena. Na mke naye anaweza kuadhibiwa kwa maneno yale wakifika nyumbani. Hili ni la hatari, msilichukulie wepesi. Mbele ya kikundi tumieni kisa cha kubuni. Ya kwao wayazungumze wawili, pembeni: mmoja aseme dakika 3, mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu, kisha wabadilishane. Waanze na dogo, kama nani anafunga geti usiku. Mazungumzo ya pesa yaje baadaye.

Wawezeshaji wawe mwanamume na mwanamke. Anayekosa apigiwe simu kesho yake, mume apigiwe na mwanamume mwenzake. Akikosa mara mbili mfululizo, kumrudisha ni kazi.

Mratibu_Kata: Asanteni sana. Sisi tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi, mnaonaje?

Mama_Mlezi: Hapo ndipo mnawakosa bodaboda na watu wa sokoni. Jaribuni Jumapili saa 9 alasiri, kipindi kisizidi dakika 120, na awepo mtu wa kukaa na watoto chumba cha pili.